Viatu vya "miguu mitupu": tunayoyaamini na yaliyotokea

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya yale maelezo ya hifadhidata, na itakuja. Lakini kwa wiki sita nimekuwa nikichechemea hapa nyumbani, mguu mmoja juu ya stuli na tarakilishi mapajani, na mtu aliyelazimishwa kukaa kitako huishia kusoma mambo ambayo hakuyapanga. Leo tuache programu kando kidogo tuzungumze juu ya viatu.

Kisa chenyewe ni hiki. Binamu yangu anayeishi Ujerumani alikuja likizo akaniletea viatu vyenye vidole vitano. Naam, kila kidole na chumba chake, kama glavu. Nyanya alipoviona alicheka mpaka akashika ubavu, akauliza kama huko Ulaya watu wameamua kurudi kuwa ngedere. Baba hakucheka. Alikichukua kimoja, akakikunja kama chapati, akakitazama soli, akasema: "Hivi mimi nilivaa bure mpaka darasa la saba."

Binamu alikuwa na maelezo tayari. Kwamba huu ni uvumbuzi mpya. Kwamba Wakenya hushinda mbio kwa sababu hukimbia pekupeku. Kwamba anayevaa viatu hivi haumii, magoti yake hupona, mgongo hunyooka. Mimi nina shahada ya sayansi ya kompyuta, nilifundishwa kudai ushahidi kabla ya kukubali jambo, lakini zawadi ni zawadi. Kesho yake alfajiri nikakimbia kilomita 9 juu ya lami. Nikarudia siku iliyofuata, na nyingine. Wiki ya pili nikashindwa kukanyaga chini. Daktari alinionyesha kwenye picha ufa mwembamba katika mmoja wa ile mifupa mirefu ya unyayo inayoelekea vidoleni.

Programu ikianguka, kitu cha kwanza unachofanya ni kufungua kumbukumbu zake na kuzisoma tangu mwanzo, uone ilipoanza kwenda mrama. Nikafanya hivyo hivyo na viatu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kiatu cha pekupeku (jina lenyewe linajipinga, nakubali) ni kile chenye soli nyembamba inayokunjika kwa urahisi, kisigino na vidole vikiwa usawa mmoja, na nafasi pana mbele ili vidole vitawanyike. Hakina sponji ya maana chini. Si lazima kiwe na vidole vitano. Na ndani yake wewe hauko miguu mitupu, umevaa kiatu. Hilo linaonekana dogo lakini nitalirudia chini.

Je, ni kitu kipya? Hapana kabisa. Mwaka 1938 zilichimbuliwa ndara za maganda ya vichaka zilizosukwa katika pango la Fort Rock, jimbo la Oregon kule Marekani. Umri wake ni zaidi ya miaka 9,000. Mwaka 2010 wanaakiolojia walitangaza kiatu kilichopatikana katika pango la Areni nchini Armenia: kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe, kimeshonwa kwa kamba ya ngozi, kimejazwa nyasi, umri wake kama miaka 5,500. Kimezitangulia piramidi za Giza. Na wapo wataalamu, Erik Trinkaus akiwa maarufu zaidi, waliochunguza mifupa ya vidole vya watu wa kale wakaona imekuwa myembamba, dalili kwamba vidole vilikuwa vimeanza kusaidiwa kazi na viatu zaidi ya miaka 26,000 iliyopita. Viatu vyote vya namna hiyo, ukivipima kwa maelezo niliyotoa hapo juu, ni vya pekupeku. Havina kisigino wala sponji.

Kilicho kipya ni hicho tunachokiita kiatu cha kawaida. Kisigino kilichoinuka kilikuwa chombo cha wapanda farasi wa Uajemi, kiliwasaidia kushika kikuku. Ulaya ikakipokea karibu na mwaka 1600, na mabwana wakubwa wakakivaa hata wasipokuwa na farasi karibu. Sponji nene chini ya kiatu cha mbio ni ya miaka ya 1970, pale Wamarekani wa kawaida walipoanza kukimbia barabarani kwa ajili ya afya na kampuni zikashindana kuwalaza visigino vyao juu ya mito. Kwa hiyo mpangilio ni kinyume na alivyosema binamu: kiatu cha pekupeku ndicho toleo la kwanza, na hiki kinene ndicho masasisho.

Sasa hiki chenye vidole kina historia yake, nayo inanifurahisha kwa sababu inaanzia kwenye gurudumu la gari. Mwaka 1935 Vitale Bramani, mpanda milima wa Milano, alikuwa katika msafara wa mlima Punta Rasica katika Alpi. Hali ya hewa ilichafuka na watu sita wakafa, na viatu vya wakati huo havikufaa kwa barafu na mwamba. Bramani akaenda kwa kampuni ya magurudumu ya Pirelli, na kwa msaada wao ikatoka soli ya mpira yenye meno makubwa mwaka 1937. Jina la kampuni, Vibram, ni vipande vya jina lake. Waitaliano waliofika kilele cha K2 kwa mara ya kwanza mwaka 1954 walikuwa na soli hizo. Yaani kampuni iliyokuja kuwa maarufu kwa viatu vyembamba kuliko vyote ilijenga jina lake kwa buti nzito za mlimani!

Wazo la vidole lilitoka kwa Robert Fliri, mwanafunzi wa usanifu wa vifaa kule Bolzano, mwishoni mwa miaka ya 1990. Kampuni ilikitoa sokoni mwaka 2005, na mwanzoni kilitangazwa zaidi kwa wanamaji wa mashua, watu wanaohitaji kushika sakafu iliyolowa bila kuteleza. Wakimbiaji walikuja baadaye wakakifanya chao. Ukikiangalia hivyo, mimi nilichukua kifaa cha kutembelea juu ya mashua nikakimbia nacho lami ya Nairobi. Haya.

Tuje kwa mashujaa. Kila mjadala wa viatu hivi humtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 miguu mitupu, kwa saa 2:15:16. Ni kweli, na picha zake usiku ule zinasisimua hadi leo. Kinachoachwa ni kwamba hakuwa akipigania itikadi yoyote: viatu alivyopata havikumkaa vizuri, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu, basi akaamua hivyo. Miaka minne baadaye huko Tokyo, wiki chache baada ya kupasuliwa kidole-tumbo, alishinda tena kwa saa 2:12:11, mara hii akiwa amevaa viatu. Usiniambie basi kwamba viatu ndivyo vilimpa zile dakika tatu. Mtu mmoja na mbio mbili si ushahidi wa upande wowote. Lakini anayetumia Roma lazima atumie na Tokyo.

Baada ya Bikila huja Rarámuri, ambao wengi huwaita Tarahumara, wa mabonde ya Chihuahua huko Meksiko. Kitabu cha Christopher McDougall cha mwaka 2009, Born to Run, ndicho kiliwafanya maarufu na kuviuza viatu vya pekupeku kuliko tangazo lolote. Watu wengi waliokisikia bila kukisoma hudhani jamaa hawa hukimbia bila viatu. Hapana. Huvaa ndara ziitwazo huarache, na kwa miongo mingi soli yake imekuwa kipande cha gurudumu la gari kilichofungwa kwa kamba ya ngozi. Mwaka 1993 Victoriano Churro, mzee wa miaka 55, alishinda mbio za maili 100 za Leadville kule Colorado, na ndara zikawa gumzo.

Mkenya akisoma hapo lazima atabasamu. Kipande cha gurudumu na kamba? Hiyo si akala?

Nilimtuma rafiki Kariokor akaniletea jozi, nikaiweka mezani kando ya vile vya binamu. Akala iko sawa kisigino na vidole. Haina sponji. Vidole viko huru, vinapigwa na upepo. Lakini haikunjiki! Soli ni nene na nzito, inabaki na ule mviringo wa gurudumu, na ukikanyaga jiwe husikii kitu. Kwa hiyo ina nusu ya sifa za kiatu cha pekupeku na inakosa nusu. Nimeona watu wakiiita "kiatu cha pekupeku cha Kiafrika" na sikubaliani nao. Akala ilitengenezwa kwa sababu magurudumu makuukuu yalikuwepo na pesa za viatu hazikuwepo, na ikadumu kwa sababu haiishi. Miiba ya nyika inaijua.

Na kwa kuwa nimeitaja Kariokor: jina hilo, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Wengi wao walitembea mamia ya maili miguu mitupu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa magonjwa kuliko kwa risasi. Sijamwona mtu akiwatumia hao kutangazia viatu.

Sasa sehemu inayotuhusu zaidi, ile hoja ya Wakenya. Ilipata nguvu Januari 2010 wakati Daniel Lieberman wa chuo kikuu cha Harvard na wenzake walipochapisha utafiti wao katika jarida la Nature. Walilinganisha makundi 5 ya wakimbiaji, Wamarekani na Wakalenjin wa Bonde la Ufa, wakiwemo vijana waliokuwa hawajawahi kuvaa viatu. Waligundua kwamba waliozoea pekupeku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, wakati wavaa viatu vya sponji hutua kwa kisigino. Na anayetua kwa mbele hapati ule mshindo wa ghafla unaopanda mguuni kisigino kinapogonga chini. Jambo hili unaweza kulijaribu mwenyewe hapo ulipo: vua viatu, ruka ruka juu ya sakafu ukitua kwa kisigino. Utaacha mara moja.

Ni utafiti mzuri. Sehemu ya fedha zake ilitoka Vibram, na waandishi walilitaja hilo wazi. Ila utafiti ulipima mshindo tu. Haukuhesabu majeruhi, na haukusema anayevaa viatu vyembamba ataumia kidogo. Hilo liliongezwa njiani, kutoka gazeti hadi tangazo hadi binamu yangu.

Halafu mwaka 2013 ukaja utafiti mwingine, wa Kevin Hatala na wenzake, ambao hausimuliwi sana. Huu nao ulifanywa Kenya, kaskazini karibu na Ziwa Turkana, kwa watu wazima 38 wa jamii ya Wadaasanach waliokua bila viatu. Waliachwa wakimbie kwa mwendo wanaoupenda wenyewe, ule wa safari ndefu. Asilimia 72 walitua kwa kisigino. Kisigino! Walipoongeza kasi ndipo wengi zaidi wakaanza kubadilika. Kwa hiyo hakuna "Mwafrika wa pekupeku" mmoja mwenye mtindo mmoja wa kukimbia. Wapo Wakalenjin wanaokimbia kasi tangu utotoni, wapo Wadaasanach ambao maisha yao hayahitaji kukimbia mbali namna hiyo, na kasi na ardhi vina neno lao. Msanidi programu yeyote anaijua kasoro hii: unapima kwenye mashine moja, inafanya kazi, unatangaza inafanya kazi dunia nzima.

Na wanaoshinda je? Hawakimbii pekupeku. Nenda Iten asubuhi yoyote ujionee. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, miguuni alikuwa na viatu vya sponji nene yenye bamba la kaboni ndani, na miezi mitatu baadaye shirika la riadha la dunia likaweka kikomo cha soli: milimita 40. Watoto wengi wa mashambani wamekimbia kwenda shule bila viatu, hiyo ni kweli. Wamekimbia hivyo kwa sababu viatu havikuwepo. Mtoto wa namna hiyo akipata mkataba, kitu cha kwanza anachovaa ni kiatu.

Kuhusu kuumia, ambako ndiko kulinileta kwenye stuli hii. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha Brigham Young kule Utah walichukua wakimbiaji wazoefu, wakawapa baadhi yao viatu vya vidole vitano wavizoee kwa wiki 10. Waliopewa walikuwa 19. Kati yao 10 walionyesha uvimbe ndani ya mifupa ya miguu, kwenye picha za sumaku. Na hao walikwenda polepole, tofauti na mimi mwenye kilomita 9 siku ya kwanza. Sababu si uchawi. Ukitua kwa mbele, mzigo hauondoki, unahama: unatoka gotini na kisigino unaenda kwenye ndama, kano ya nyuma ya mguu, na mifupa ile myembamba ya unyayo. Misuli huzoea kwa wiki, mfupa hutaka miezi.

Hapo ndipo watu huruka upande wa pili wakasema: "Si hata mahakama ya Marekani iliamua viatu hivi vina madhara?" Haikuamua hivyo. Kesi ilifunguliwa Massachusetts mwaka 2012, ikidai kwamba Vibram ilitangaza faida za kiafya bila ushahidi wa kutosha. Mwaka 2014 pande mbili zilipatana: kampuni ilikana kosa, ikatoa dola milioni 3.75 za kuwarudishia wateja, na ikakubali kutorudia madai hayo bila ushahidi wa kisayansi. Waliodai walikuwa wengi mno hata kila jozi ikalipwa dola 8 na kitu. Kesi ilihusu maneno ya tangazo, na hakuna hakimu aliyetoa hukumu juu ya kiatu chenyewe.

Maana faida zipo. Mwaka 2021 watafiti wa Liverpool walichapisha matokeo ya watu waliovaa viatu vyembamba kwa shughuli za kila siku kwa miezi sita, na nguvu ya miguu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 57. Kwa shughuli za kila siku, narudia: kutembea, kwenda dukani, kusimama. Mwaka 2019 utafiti mwingine katika Nature, uliowahusisha watu wa magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba sugu nene ya unyayo hailetei mguu ganzi. Ngozi inakuwa ngumu lakini inaendelea kusikia ardhi. Soli ya kiatu haiwezi hilo.

Nilipomsomea Baba habari ya sugu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na hao watu wako waliandika juu ya funza?"

Hawakuandika. Funza si wa kwetu kwa asili. Alitoka Amerika ya Kusini, akafika Angola kwa meli mwaka 1872, akavuka bara lote na kabla ya karne kuisha alikuwa amefika pwani yetu. Hajali sugu, huingia kando ya kucha na pembeni mwa kisigino. Minyoo ya safura nayo hupenya ngozi ya mguu ulio wazi kwenye udongo. Baba ana kovu kwenye kidole gumba ambapo nyanya alimchokoa funza kwa sindano na miiba, jioni baada ya jioni, na katika darasa lake walikuwepo waliokaa nyumbani muhula mzima kwa sababu ya miguu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba "babu zako walikuwa na afya kwa sababu hawakuvaa viatu", namwambia aje aongee na mzee huyu. Kiatu cha pekupeku kina soli. Mtoto asiye na kiatu hana soli. Tusiviite kwa jina moja halafu tukasahau tofauti.

Ufa umepona. Natembea na viatu vyembamba nyumbani na dukani, nusu saa, kisha saa moja, na kukimbia bado sijathubutu.

Jumapili iliyopita nilimshawishi Baba avijaribu viatu vingine alivyoacha binamu, vile vya kawaida visivyo na vidole, soli nyembamba na mbele pana. Lazima niwaambie kwamba Baba ana mguu mpana mbele, vidole vimetawanyika, kama walivyo wengi waliokua bila viatu, na tangu nimjue kila kiatu anachonunua humbana. Hukipeleka kwa fundi kikapanuliwe, na bado akirudi kutoka kanisani kitu cha kwanza ni kukivua mlangoni. Alivaa hivi vya binamu, akafunga kamba, akatembea mpaka langoni akarudi. Akaenda tena mpaka kwa jirani. Aliporudi aliuliza bei.

Nilipomwambia ni kama shilingi elfu ishirini, akavivua, akavipanga vizuri kando ya ukuta, akaniuliza kama fundi wa Kariokor hawezi kunakili.